Neno Nililomwambia Kocha Pale Tala

Mwikali mwanangu,

Umeenda Mua kumuaga nyanya, susu wako, na ninavyomjua hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina meza peke yangu na jua bado liko juu. Kesho unaondoka kwenda Kisumu kuanza kazi ya kuchambua wachezaji katika klabu ya mpira ya wanawake, na mtaa mzima unanipongeza mimi. Asubuhi mama wa maziwa aliniambia, "Mwalimu, mtoto amekufuata kabisa. Si wewe ndiye ulimfundisha hiyo kazi?" Nilicheka, nikaondoka haraka hivi kwamba niliacha maziwa yenyewe kwenye kaunta.

Sitakuandikia kuhusu chakula, wala mbu wa ziwani, wala watu wa kuogopa. Shangazi yako ameshayasema hayo yote na baba yako atayarudia kesho akitoka shifti. Nataka kujibu swali uliloniuliza Jumapili ukipiga nguo zako pasi. Uliniuliza, "Mwaitu, wewe ulijifunza wapi kumjua mchezaji?" Nikakujibu kwa mzaha kwamba nilizaliwa hivyo. Ulicheka, lakini nilikuona ukisubiri jibu la kweli, kisha ukaona haliji, ukaendelea kunyoosha kola.

Jibu la kweli ni kwamba nilijifunza kwa kuwakosea watoto wa watu. Na wewe umo kati yao.

Nilipofanywa mwalimu wa michezo nilijua kupuliza filimbi na kugawa machungwa wakati wa mapumziko, basi. Kocha Mutua alikuwa akifundisha timu ya wanawake kule Athi River wakati huo. Kila akipita Machakos alinitafuta kuniuliza kama kuna msichana wa kuangaliwa. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza maoni yangu juu ya kitu kikubwa namna hiyo. Nilijisikia mtu. Msichana wa kwanza niliyempa aliitwa Nduku, wa huko Matuu. Nilimwona katika mechi moja tu. Alikimbia kama aliyefukuzwa na nyuki na akafunga mabao matatu, dhidi ya shule ambayo golikipa wake alikuwa amevaa viatu vya darasani. Sikujiuliza chochote kuhusu hao aliowafunga. Nilipiga simu nikiwa bado uwanjani.

Nduku aliacha shule katikati ya muhula akaenda Athi River. Hata muhula haukuwa umeisha Kocha aliponipigia.

"Mwalimu, huyu msichana anakimbia kweli," alisema. "Shida ni kwamba hajui anakimbilia wapi."

Alirudi Matuu, akaanza darasa upya na wasichana waliokuwa nyuma yake. Mimi nilimtumia salamu. Kumbuka hilo, kwamba nilituma salamu. Kutoka hapa hadi Matuu si safari ya kumshinda mtu, lakini sikuweza kufikiria uso wa mama yake akinifungulia mlango, kwa hiyo sikwenda.

Kocha hakunigombeza. Alipokuja tena, alinikalisha kando ya uwanja wetu wa shule, mahali ambapo nyasi zimeisha na vumbi linakuingia kwenye meno. Akaniambia, "Leo usiangalie mpira."

"Sasa nitaangalia nini?"

"Chagua msichana mmoja. Mwangalie yeye tu, hata mpira ukiwa upande ule mwingine."

"Na bao likiingia?"

"Utaambiwa. Kila mtu hapa ataliona bao. Wewe nimekuita uone kile hawaoni."

Nilimchagua beki mmoja mrefu ambaye sikuwahi kumfikiria hata kidogo. Mwanzoni nilichoka. Shingo ilitaka kuufuata mpira yenyewe. Kisha nikaanza kuona. Kabla mpira haujamfikia, yule msichana aligeuza kichwa akaangalia nyuma yake, kila mara, kama mama anayechungulia jikoni. Mwenzake akipoteza mpira, yeye alikuwa ameshasogea. Alikosea pasi moja mbaya sana, na badala ya kushika kiuno na kulaumu uwanja, alirudi mbio akaziba pengo aliloliacha. Mechi ilipoisha sikujua matokeo. Nilikuwa nimemfundisha mtoto huyo miaka miwili na ndiyo mara ya kwanza nilimwona.

Basi hayo mengine unayajua, mengi kuliko mimi. Mwangalie mtu zaidi ya mara moja. Mwangalie timu yake ikishinda na ikifungwa, nyumbani na ugenini. Uliza anacheza na nani na dhidi ya nani. Uliza kama pale alipowekwa ndipo mahali pake. Sema kwanza ulichokiona, ndipo useme unachofikiria, na usivichanganye. Kocha alikuwa mkali sana juu ya hilo. Nikimwambia, "Huyu ni mvivu," ananiuliza, "Umeona uvivu? Unafanana aje?" Ikabidi niseme kwamba baada ya mapumziko hakurudi nyuma kukaba. "Sawa," anasema, "hiyo ndiyo umeona. Sasa uliza ni kwa nini." Mara moja niliuliza, nikakuta msichana alikuwa kwenye siku zake na hakuwa na pedi, na kaptura ilikuwa nyeupe. Ningemwita mvivu mpaka leo.

Nakuambia haya ujue kwamba siku ile ya Tala nilikuwa nayajua yote. Siwezi kujitetea kwa kusema sikuwa nimefundishwa.

Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulicheza kiungo tangu ulipoacha kucheza mpira wa matambara, na mimi nilizoea kukuona hivyo kama mtu anavyozoea ukuta wa nyumba yake. Michezo ya shule za sekondari ilikuwa Tala. Kocha Mutua alikuja kutafuta wasichana wawili wa kuwachukua kwenye kambi ya mazoezi, na atakayefaa angebaki. Wewe ulijua. Wote mlijua.

Ulikuwa umetoka kitandani kwa taifodi wiki hiyo hiyo. Mashavu yako yalikuwa yameingia ndani. Asubuhi nilikuambia usicheze, ukaniangalia tu ukaendelea kufunga kamba za daluga, na mimi sikusema mara ya pili. Mwalimu wa timu yenu alikuwa amempoteza winga wake kwa kuteguka mguu, akakuweka wewe pembeni, kulia, na jezi namba saba. Namba saba, wewe ambaye hujawahi kuwa na mbio hata ukiwa mzima! Nilikuona ukipokea mpira mara ya kwanza na beki wao akakupita kama unasubiri gari. Nilikuona umeinama mikono magotini. Kabla ya mapumziko watu walikuwa wameanza kuuliza huyo namba saba analala au vipi.

Kocha alikuja akasimama karibu nami.

"Namba saba, huyo si wako?"

"Ni wangu."

"Simwelewi. Nimwangalie tena? Naweza kurudi Alhamisi, watacheza na wale wa Kangundo."

Mwikali, angekuwa mtoto wa mtu mwingine yeyote ningemwambia, "Huyu ametoka kuugua, na hapo si mahali pake. Rudi Alhamisi umwone katikati." Ni maneno machache. Nimeshayasema juu ya wasichana ambao hata majina yao nimesahau.

Nilimwambia, "Usijisumbue, Kocha. Huyo bado."

Akasema sawa. Alikuwa ananiamini, kwa hiyo hakuuliza mara ya pili. Akahamia upande wa pili wa uwanja.

Nimejiuliza sana kwa nini, na kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba nilikuwa nakulinda kwa sababu ulikuwa mgonjwa. Si kweli. Jumapili iliyotangulia, nje ya kanisa, Mama Kanini alinisimamisha mbele ya akina mama wengine. Kanini wake alikuwa ameachwa nje mwaka uliopita, na mimi ndiye niliyesema hajafika. Mama yake alitabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mwalimu anachuja watoto wetu kwanza. Ngojeni wake akomae, ndio mtaona nani atapanda gari ya Kocha." Wanawake walicheka. Nilicheka nao. Kicheko hicho nilikibeba wiki nzima, nikafika nacho Tala, na Kocha aliponiuliza juu yako, sikukuona wewe pale uwanjani. Niliona wale akina mama. Nilitaka warudi nyumbani wakisema Mwalimu Syombua ni mtu wa haki, hata mtoto wake amemwacha.

Na walisema hivyo. Mama Kanini mwenyewe alinishika mkono wiki iliyofuata, akaniambia hakutarajia. Nilipokea sifa hiyo. Nilijisikia vizuri, mwanangu, siku mbili tatu nilijisikia vizuri sana.

Jioni ile tulipofika nyumbani ulinifuata jikoni. Ulikuwa bado na vumbi la Tala kwenye nyusi.

"Mwaitu, Kocha alisema nini juu yangu?"

Nilikuwa nachagua maharagwe. Sikuinua kichwa.

"Alisema bado."

"Alisema hivyo tu? Hakusema ni nini sina?"

"Alisema bado. Utajaribu mwakani."

"Sawa," ukasema. Ukaenda nje kuosha daluga.

Hilo ndilo lililo baya kuliko lote. Neno lilikuwa langu na nikalitia mdomoni mwa mtu mwingine. Kama ningesema, "Mimi ndiye nimekukataa," ungenikasirikia, ungelia, labda ungetoka ukaenda kumtafuta Kocha mwenyewe, na ulikuwa na haki hiyo. Nilikunyima hata mtu wa kumkasirikia. Ulibaki ukijikasirikia wewe mwenyewe.

Alhamisi ulicheza katikati. Nguvu ilikuwa imerudi kidogo. Nilikuja, nikakaa na wazazi wengine, nikapiga makofi, nikapiga kelele. Na unajua niliangalia nini mechi nzima? Mpira. Niliufuata mpira kama mtu asiyejua chochote. Nilikuwa naogopa kukuangalia nikaona kitu. Kwa hiyo leo nikiulizwa ulicheza vipi siku hiyo siwezi kujibu, sikumbuki pasi yako hata moja. Mshindi nakumbuka.

Kufika mwisho wa muhula zile daluga zilikuwa miguuni mwa binamu yako. Sikuuliza. Mwaka uliofuata hukujaribu.

Baadaye ulianza kuja kukaa nami uwanjani. Ulianza kurekodi mechi kwa simu juu ya ukuta wa choo cha shule, ukizirudisha nyuma na kuniuliza kwa nini yule amesimama pale. Ukapata kozi ile ya mtandaoni, ukajifunza kompyuta, ukanifundisha hata mimi kuchora mistari ya pasi kwenye picha. Watu wanaona mama aliyemrithisha mtoto ujuzi wake. Nami kila ukikaa pale pembeni yangu nilikuwa nikijua kwamba ulipaswa kuwa ndani ya uwanja, au angalau ulipaswa kupata nafasi ya kushindwa ndani yake. Ulikuwa unajifunza kazi hii kwangu ili uelewe ni nini ulikosa. Uliwahi kusema hivyo, unakumbuka? Tulikuwa tunamwangalia winga mmoja mdogo, ukasema taratibu, "Nataka tu kujua Kocha huwa anaona nini." Nilijifanya nimepata kikohozi.

Ningeweza kuendelea hivi hadi nife. Lakini mwezi uliopita nilimkuta Kocha Mutua kwenye foleni ya daktari wa macho hapa mjini. Amezeeka, anatembea na fimbo, na timu aliiacha zamani. Nilimwambia kwa furaha kwamba umepata kazi Kisumu. Alifurahi mpaka akanishika bega. Kisha akasema, "Huyo ndiye alikuwa namba saba pale Tala?"

Sikutarajia angekumbuka. Nikasema ndiye.

"Siku hiyo hakucheza kitu," akasema. "Lakini kabla mpira umfikie alikuwa anaangalia nyuma. Amechoka hivyo, hawezi hata kukimbia, na bado anaangalia. Ndiyo maana niliuliza nirudi." Akasugua macho yake. "Sijui kama hicho kingetosha. Wengi wako na kitu kimoja tu. Lakini wewe ulimjua kuliko mimi, ukaniambia bado. Wewe uliona nini, Mwalimu?"

Ni swali lile lile alilonizoesha tangu mwanzo, na alikuwa anauliza kwa wema, kama mtu wa kazi anayetaka kujifunza. Nesi akaita jina langu, nikasimama nikaingia, nikaulizwa nisome herufi ukutani na sikuona hata ile kubwa, kwa sababu ya machozi. Waliandika kwamba jicho la kushoto ni dhaifu.

Sitakuambia kwamba ungefika mbali. Wazazi husema hivyo na wewe ungejua ni uongo mwingine. Ukweli ni kwamba sijui. Hakuna anayejua, na hakuna anayejua kwa sababu yangu. Huo ndio mzigo niliokuwa nikiubeba kila nilipokupikia chai.

Sasa wewe unaenda kukaa kwenye kiti ambacho watu watakuuliza, "Huyu je?" Utakuwa na video na namba ambazo Kocha na mimi hatukuwahi kuziota, na nina furaha kwamba unazo, kwa kuwa namba haiogopi akina mama wa nje ya kanisa. Lakini namba haikuambii kwamba mtu ametoka kitandani juzi. Itakuonyesha kwamba namba saba alipoteza mipira mingi, na itakuwa kweli, na bado utakuwa hujamwona. Piga simu. Uliza mwalimu wake, uliza mwenzake anayelala naye chumba kimoja.

Jihadhari na neno bado. Nimelitumia maisha yangu yote na sasa silipendi. Linaonekana la upole, halina ubishi, na ndani yake hakuna kitu kabisa. Ukimkataa msichana, mwambie ni nini umeona na ni nini hujaona. Kama hujui, sema hujui. Utaona aibu kidogo mbele ya wakubwa wako. Aibu hiyo ni ndogo, niamini, nimejaribu ile nyingine.

Na ikitokea siku moja aliye mbele yako ni mtu wako, wa damu au rafiki, au hata mtu unayemchukia, mwambie anayekuuliza, "Huyu siwezi kumpima, tafuta mtu mwingine amwone." Ni hayo tu. Kocha angeelewa mara moja. Mama Kanini angesema alichotaka kusema, na wewe ungecheza Alhamisi mbele ya macho yaliyokuja kukuona.

Matuu nilikwenda, hatimaye, juma lililopita. Nilikuambia naenda kununua maembe. Nduku ana duka la nafaka na watoto wawili, na alinitambua kabla sijashuka kwenye boda. Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza akipima mahindi ya mteja, akamaliza, ndipo akaniambia, "Mwalimu, mimi nilishasahau mpira. Kile sikusahau ni kwamba hukukuja." Kisha akanipa kiti. Nikakaa. Tulikaa mpaka mteja mwingine akaja. Hakusema amenisamehe na mimi sikumuuliza.

Niliporudi ndipo nilipojua kwamba siwezi kukuacha uende Kisumu na Kocha Mutua kichwani mwako kama mtu aliyekukataa. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuficha barua hii kwenye begi lako, chini ya sweta, uipate ukishafika. Nilikuwa nimeshaifungua zipu. Nikaona ni yale yale, ni kukutumia salamu tena.

Kwa hiyo nakupa mkononi leo, ukirudi kutoka kwa susu, kabla hatujala. Isome hapa mezani. Mimi nitakuwa nimekaa upande huu, sitachagua maharagwe wala kufua chochote. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kunipigia kelele, majirani wasikie, na wasikie vizuri. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, nitakubali, na nitaendelea kuwa mama yako.

Na ukiuliza kile ulichoniuliza jikoni jioni ile, nitakuambia nikikutazama usoni: Kocha aliomba kurudi kukuona. Mimi ndiye niliyemwambia asirudi.

Mama yako,
Syombua